Kubadilisha matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara: njia nzima, kuanzia hati hadi hati mpya

Fremu zangu tatu za maduka zilikaa miezi minane zikiwa zimefungwa, kisa rangi nyekundu iliyopigwa ukutani: SIMAMISHA UJENZI, RIPOTI OFISI YA MIPANGOMIJI. Hati ninayo, tena ya jina langu. Kodi ya pango la ardhi nimelipa. Mpangaji wa kwanza, kijana wa duka la dawa, alikuwa ameshanipa kianzio. Alipoiona ile rangi akadai hela yake, nami nikamrudishia, maana hata ningekuwa mimi ningedai.

Kosa langu ni moja na wengi tunalo: nilidhani kuwa na hati ni kuwa na ruhusa ya kufanya chochote juu ya kiwanja. Nikaenda ofisini, nikajifunza njia kwa kuipita, na tangu hapo nimewasindikiza ndugu na majirani kadhaa kwenye njia hiyohiyo. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na ofisi zake.

Unaomba nini hasa

Ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Wewe mwenye hati umepewa haki ya kuitumia kwa kipindi maalumu, miaka 33, 66 au 99, na umepewa kwa masharti. Mojawapo ya masharti hayo ni matumizi. Ukilivunja, umevunja sharti la umiliki, na mwisho wa safari hiyo unaweza kuwa kufutiwa miliki. Ni mara chache mtu kufikishwa huko kwa sababu ya fremu, lakini mlango upo kisheria, na anayekuchukia anajua ulipo.

Upande wa pili kuna Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Hii inahusu mchoro: ile ramani ya eneo lenu inayoonyesha viwanja hivi ni vya makazi, hapa shule, pale soko, hapa eneo la wazi. Kiwanja chako ni kipande kimoja tu cha mchoro huo.

Kwa hiyo unapobadilisha matumizi unagusa vitu viwili, mchoro na hati. Hili lishike, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoachia njiani. Anapata barua kwamba mabadiliko yameridhiwa, anafurahi, anajenga, na hati yake ndani ya kabati bado inasema makazi. Siku akienda benki kuomba mkopo kwa kuweka rehani jengo la biashara, anarudishwa.

Pia usichanganye ruhusa hii na nyingine mbili. Leseni ya biashara ni ruhusa ya kufanya biashara, haibadilishi kiwanja. Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya kusimamisha jengo fulani kwa ramani fulani, nacho hutolewa kulingana na matumizi yaliyopo. Ndiyo maana mabadiliko ya matumizi hutangulia. Mimi nilianza na matofali, nikaenda kwenye leseni, matumizi nikayakumbuka mwisho. Yaani nilitembea kinyumenyume.

Hatua ya 1: Isome hati yako, ukurasa wa masharti

Hati nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na wenye hati wengi tunaishia kuangalia jina letu na picha. Fungua mpaka kwenye orodha ya masharti. Utakuta sharti la matumizi limeandikwa kwa kifupi, likitaja kundi kwa herufi kubwa na madaraja yake kwa herufi ndogo. Kundi A ni la makazi. Kama hati inasema makazi peke yake, fremu za maduka zinahitaji mabadiliko. Kama tayari inasema makazi na biashara, huenda huna haja ya safari hii yote, unachohitaji ni kibali cha ujenzi tu. Namjua mama mmoja aliyekaa na wasiwasi mwaka mzima, kumbe kiwanja chake kilipangwa makazi na biashara tangu kilipopimwa.

Kabla hujasonga mbele, hakikisha jina lililopo kwenye hati ni la mtu aliye hai na anayeomba ni yeye. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu baba, maombi hayatakwenda popote mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama na jina libadilishwe. Hati ikiwa benki kwa sababu ya mkopo, ongea na benki mapema, kwani baadaye utatakiwa kuirudisha ile hati halisi ofisini nayo iko kwenye sefu yao. Kama ni nyumba ya familia, mwenza wako ajue na aridhie kwa maandishi. Nimeona maombi yaliyosimama kwa barua moja tu ya mke aliyeandika kwamba hakushirikishwa.

Na kama huna hati? Leseni ya makazi si hati, na karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mjumbe ndiyo kabisa. Hapo unaanza na kupimiwa na kumilikishwa. Ila kuna jambo zuri ambalo watu hawalitumii: kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji, yaani kupangwa na kupimwa kwa mtaa uliojengwa bila mpango, na mchoro haujaidhinishwa, huo ndio wakati wa kusema. Nenda kwenye kamati ya urasimishaji na kwa mpangaji anayechora, mwambie kiwanja chako kinatazama barabara na unataka kipangwe makazi na biashara. Mchoro ukipita hivyo, hati itatoka hivyo tangu mwanzo, nawe utakuwa umeokoa safari zote zinazofuata hapa.

Ardhi ya kijiji yenye hati ya hakimiliki ya kimila ina utaratibu mwingine unaopitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Sitauingia hapa.

Hatua ya 2: Kauone mchoro kabla hujaandika barua

Nenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri yako ukiwa na namba ya kiwanja na jina la kitalu. Omba kuonana na afisa mipangomiji. Usiende na barua. Nenda na maswali. Mchoro wa eneo letu unasemaje? Mpango kabambe, yaani mpango wa muda mrefu wa mji mzima, unaona eneo hili litakuwa nini? Kuna kiwanja kingine kwenye barabara yetu kilichobadilishwa? Swali la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani. Barabara ikiwa tayari ina viwanja vitatu vya biashara vilivyoidhinishwa, ombi lako linafuata mkondo. Ukiwa wa kwanza katikati ya mtaa tulivu wa makazi, jiandae kujieleza.

Muulize pia kama kiwanja chako kimeguswa na hifadhi yoyote. Mbili ndizo zinazowaliza watu. Ya kwanza ni ya barabara: Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande wa katikati ya barabara hadi mita 30. Zile mita saba na nusu ndizo zilizoleta alama za X za kubomolewa kwenye nyumba nyingi nchini. Fremu kwa kawaida hujengwa mbele ya kiwanja, yaani upande uleule wa barabara, kwa hiyo chukua futi kamba upime kabla hujaota. Ya pili ni ya maji: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini. Na kama kiwanja kimeandikwa kuwa eneo la wazi, hata anayekuuzia akiapa vipi, kimbia.

Kutoka hapo utajua ombi lako liko upande gani. Fremu mbili za duka la vyakula na saluni kwenye nyumba ya makazi ni jambo jepesi, mradi barabara inaruhusu. Nyumba ya wageni au baa ni gumu kidogo, kwa ajili ya kelele na magari ya usiku. Kituo cha mafuta ni mradi mzima wenye mlolongo wa taasisi, na hapo usijaribu bila mtaalamu.

Hatua ya 3: Majirani, na hapa usiende haraka

Sheria inawapa majirani nafasi ya kupinga. Ofisi itatangaza ombi lako, na mtu mwenye hoja ataandika. Hivyo wengi huona jirani ni adui wa kukwepwa, wanaomba kimyakimya wakitumaini tangazo halitasomwa. Linasomwa. Na anayelisoma akiwa hajaambiwa kitu huja na hasira mara mbili.

Jirani yangu wa nyuma ni mzee mstaafu. Nilijua hapendi fremu zangu, kwa sababu tangu niinue ukuta alikuwa akipita bila kunisalimia. Baada ya ile rangi nyekundu nikapiga moyo konde, nikaenda kwake Jumapili jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari ya vile vifremu?"

"Ndiyo baba. Nimekuja kuomba ushauri wako kabla sijapeleka karatasi popote."

Hakunijibu. Aliinuka, akavaa ndala, akanipeleka nyuma ya banda lake la kuku mpaka kwenye ukuta tunaopakana. Chini ya ukuta plasta ilikuwa imebabuka, na mstari wa matope umepanda karibu shubiri moja kutoka ardhini, ukionyesha maji yalipokuwa yakifika. Akauwekea kidole.

"Haya ni maji ya paa lako. Ulipojenga ukuta ulinizibia njia yake. Sasa ukiezeka na hayo mabati ya fremu, mimi nihamie wapi na kuku wangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu kuhusu muziki, walevi na magari. Kumbe shida ilikuwa mtaro. Tukakubaliana nijenge mtaro wa zege upande wangu, maji yatoke mbele hadi kwenye mfereji wa barabara, na mabomba ya paa la fremu yaelekezwe huko. Niliuchora kwenye ramani, nikampelekea aone. Akasaini fomu ya maoni, na chini ya saini yake akaandika kwa mkono wake: "Nimeridhia kwa sharti la mtaro." Sentensi hiyo ilinisaidia kwenye kamati kuliko kurasa zote nilizochapisha.

Waone wote mnaopakana nao: kulia, kushoto, nyuma, na wa ng'ambo ya barabara. Wapangaji wasikusainie kwa niaba ya mwenye nyumba. Andika jina, namba ya kiwanja, maoni, saini na tarehe. Anayekataa muulize sababu, uiandike vilevile alivyosema, halafu andika utafanya nini kuhusu sababu hiyo. Usighushi saini ya mtu. Kuna mahali nilishuhudia mjumbe wa kamati akimpigia simu jirani palepale kikaoni, na jirani akasema hajawahi kuona fomu yoyote. Faili lile halikusogea tena.

Hatua ya 4: Serikali ya mtaa

Ukiwa na maoni ya majirani, nenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Unaomba ombi lako lijadiliwe kikaoni na upewe muhtasari wenye mhuri. Mtaa hauna mamlaka ya kubadilisha matumizi. Unatoa maoni, na maoni hayo yanabebwa na wengine mbele. Mwenyekiti akikuambia "hilo nimeshakupitishia, anza kujenga," mshukuru, usianze kujenga.

Hatua ya 5: Faili lenyewe

Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi wa halmashauri, hata kama unajua itasomwa na afisa mipangomiji. Iwe fupi. Yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za historia ya maisha yangu na hali ngumu; niliambiwa nikaandike upya. Ya pili ilikuwa karibu hivi:

*YAH: MAOMBI YA KUBADILISHA MATUMIZI YA KIWANJA NA. …, KITALU …, ENEO LA …, KUTOKA MAKAZI KUWA MAKAZI NA BIASHARA*

*Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mmiliki halali wa kiwanja tajwa chenye hati namba … Naomba kubadilisha matumizi ili niweze kuendesha fremu tatu za maduka ya huduma ndogondogo upande unaotazama barabara, huku nyumba ya familia ikibaki nyuma. Maegesho ya magari manne yatakuwa ndani ya kiwanja. Maji ya mvua yatatolewa kwa mtaro kama inavyoonekana kwenye mchoro ulioambatishwa. Majirani ninaopakana nao wameridhia; maoni yao na muhtasari wa kikao cha mtaa vimeambatishwa.*

Ona kwamba maegesho na maji vimetajwa ndani ya barua yenyewe. Kila anayelishika faili ana maswali mawili kichwani: magari yatasimama wapi na maji yataenda wapi. Ukiyajibu kabla hajauliza, umempunguzia kazi.

Viambatisho ni nakala ya hati, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, nakala ya kitambulisho chako, ramani ya upimaji, mchoro wa unachokusudia kufanya, maoni ya majirani na muhtasari wa mtaa. Kampuni iongeze cheti cha usajili na azimio la wakurugenzi. Ofisi nyingine zina fomu yao au zinataka kila kitu kiingizwe kwenye mfumo wa kompyuta. Waulize mapema ili usichapishe bure.

Kuhusu kodi: pango la ardhi si ile kodi ya majengo unayokatwa ukinunua umeme wa LUKU tangu 2021. Watu wengi wanafika dirishani wakiwa na uhakika kwamba hawadaiwi, kumbe wamekuwa wakilipa moja na kusahau nyingine. Pango la ardhi unalipa kwa namba ya malipo yenye tarakimu 12, na hesabu ya mwaka inaanza 1 Julai. Ukidaiwa hata mwaka mmoja, malizana nao kwanza.

Peleka nakala mbili, masjala wagonge mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila mhuri huo hujawasilisha kitu.

Je, uajiri mtaalamu? Kwa fremu mbili tatu unaweza kuenda mwenyewe, ukimlipa mchoraji tu. Kwa hoteli, shule, karakana au ghala, tafuta mpangamiji aliyesajiliwa. Kuna bodi ya usajili ya taaluma hiyo iliyoundwa kwa sheria ya 2007, na jina la mtu unaweza kulihakiki huko. Vishoka utawakuta wamejaa nje ya geti, wana suti na wana mafaili kwapani. Kipimo changu ni kimoja: malipo ya serikali yanatoka kwa namba ya malipo, kila shilingi. Anayekutajia jumla moja "ya kila kitu" na kutaka itumwe kwenye simu yake, muage.

Hatua ya 6: Siku ya ukaguzi

Afisa atakuja kuona. Kuwepo mwenyewe. Usifagie tu na kuweka soda mezani. Shughulikia mambo ya kiwanja. Onyesha vigingi vya mipaka, hata kama itabidi ufyeke majani uvitafute siku moja kabla. Afisa aliyekuja kwangu alifika saa nne asubuhi, akasimama getini kama dakika kumi bila kusema, akitazama bodaboda zinavyokata kona. Kisha akatoa futi kamba, tukapima upana wa geti, halafu kutoka ukingo wa barabara hadi kwenye fremu. Alichouliza kuhusu biashara ni sentensi moja. Maswali mengine yote yalikuwa ya choo cha wateja, shimo la maji taka, gari la zimamoto litaingiaje na gari la kushusha mzigo litageukia wapi.

Sikuwa na jibu la gari la mzigo. Nikasema ukweli, nikaomba wiki moja. Nilirudisha ukuta wa mbele nyuma kwa mita mbili kwenye mchoro, nikapeleka mchoro mpya. Fremu ya tatu ikawa ndogo kuliko nilivyotaka, na hadi leo kodi yake iko chini ya zile mbili.

Hatua ya 7: Tangazo na pingamizi

Ombi litatangazwa kwa bango kwenye kiwanja na kwa tangazo la gazeti, kwa gharama yako. Muda wa kupokea pingamizi utaandikwa kwenye tangazo lenyewe. Piga picha ya bango likiwa mahali pake, wiki ya kwanza na wiki ya mwisho, tarehe ionekane. Mvua na watoto wa mtaani hawajali sheria, na likianguka mtu anaweza kudai halikuwahi kuwekwa. Tunza gazeti zima, usikate kipande.

Pingamizi likija, omba nakala na ujibu kwa maandishi, hoja kwa hoja. "Ana wivu" si jibu.

Hatua ya 8: Kamati, kisha juu

Faili likikamilika, wataalamu wa halmashauri wanalijadili, kisha linapelekwa kwenye Kamati ya Mipangomiji na Mazingira, ambayo ni ya madiwani. Kazi yako hapa ni ndogo lakini muhimu: jua kikao kijacho ni lini na agenda inafungwa siku gani. Ukikosa kikao kwa sababu ya karatasi moja, unasubiri kingine. Diwani wako amjue mwombaji na alijue eneo. Kumweleza hoja zako ni haki yako. Bahasha ni kosa la jinai, kwake na kwako.

Kamati ikiridhia, muhtasari unapanda kwa mamlaka ya ardhi ya juu zaidi, kwa kawaida kupitia ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi ya mkoa, ili mabadiliko yaidhinishwe na kuingia kwenye kumbukumbu. Zamani faili lilisafiri hadi wizarani. Ofisi za mikoa zilipoanzishwa 2020, safari ikafupika. Fuatilia kwa namba ya faili, siyo kwa jina. Kila unapokwenda andika tarehe na ofisi iliyokuwa na faili siku hiyo. Daftari langu dogo la aina hiyo ndilo lililogundua kwamba faili limekaa wiki tano kwenye meza ya mtu aliyekuwa likizo.

Ukikataliwa, omba barua yenye sababu. Sababu ikiwa ya kurekebishika, kama maegesho au maji taka, rekebisha na uombe tena, mara nyingi ni haraka kuliko mzozo. Ikiwa ni kwamba mpango kabambe hauruhusu kabisa, fikiria biashara nyingine au kiwanja kingine. Ukiamini umeonewa, ngazi za rufaa zipo, ila onana na wakili wa ardhi mapema kwa sababu muda wa kukata rufaa una kikomo.

Hatua ya 9: Hati mpya

Hapa ndipo narudi kwenye mchoro na hati. Barua ya kuridhiwa inamaliza upande wa mchoro. Bado unatakiwa kurejesha hati ya zamani, kulipa ada zitakazotajwa kwenye ankara, na kuandaliwa hati yenye matumizi mapya. Kabla ya kuirejesha, toa nakala kamili na wakili aithibitishe, halafu dai stakabadhi ya kwamba wamepokea hati halisi.

Kodi ya pango itapanda, maana biashara hailipi sawa na makazi. Omba makadirio mapema uyaweke kwenye hesabu ya kodi utakayowatoza wapangaji. Mimi nilisaini mikataba kwanza, nikajua kiwango kipya baadaye, na mwaka ule tofauti niliibeba mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo kibali cha ujenzi, kisha wapangaji wako na leseni zao. Zimamoto watakuja kukagua. Njia ya kuingilia kutoka barabara kuu au ya mkoa utaongea na TANROADS, wakala wa barabara hizo, na za mitaani ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Miradi mikubwa au yenye moshi, kemikali au kelele inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na ya mafuta inapita EWURA pia, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Siku ya kuchukua hati mpya usisaini daftari kabla hujaisoma palepale dirishani. Linganisha na ile nakala ya wakili: jina herufi kwa herufi, namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, muda uliobaki, na sharti la matumizi. Kwangu namba ya kitalu ilikosewa herufi moja, ikasomeka kiwanja cha mtu wa mtaa wa pili. Dada wa dirishani aliitazama, akacheka, akasema, "Kaka, ungeondoka nayo hii ungerudi hapa na mzee mwingine mkigombana." Niliisubiri siku tatu zaidi irekebishwe, nikaenda nayo moja kwa moja kumtafuta yule kijana wa duka la dawa. Alikuwa ameshapanga kwingine.